Mtoto amepona, mbona masomo haiingii tena?

Mtoto akitoka hospitali tunasema neno moja tu: amepona. Seromu imetolewa, homa imeshuka, anaomba bugali, anacheza na wenzake. Familia imelipa deni ya hospitali ama imeahidi kulipa, mama anarudi sokoni, baba anarudi ziwani. Jumatatu inayofuata mtoto anarudishwa masomo. Na hapo, kwa watoto wengine, inaanza shida ya pili ambayo hakuna mtu aliyewatayarisha wazazi kuipokea.

Shida yenyewe haionekani kwa macho. Mwalimu anaandika mistari mitano ubaoni, mtoto ananakili miwili halafu anaangalia dirishani. Anatumwa dukani chumvi, sabuni na mafuta, anarudi na sabuni peke yake. Hesabu aliyoijua mwaka jana, leo ni kama hajawahi kuiona. Mwisho wa mwaka anadubla. Mwaka unaofuata anadubla tena, sasa amekuwa mrefu kuliko wote darasani, anaona haya, na siku moja mzazi anasema: afadhali aje tukavue ndagala, pengine masomo si yake. Nyumbani aliitwa mvivu, darasani mjinga, na mtaani wengine walikuwa wameanza kunong'ona mambo mabaya zaidi.

Katika makala haya tunataka kueleza jambo ambalo waganga wamelijua kwa miaka mingi, lakini halifiki vizuri kwenye nyumba zetu wala kwenye shule zetu: mara nyingi jibu liko kwenye ile wiki mtoto aliyolala hospitali.

Tuanze kwa kuondoa hofu. Si kila ugonjwa mkali unaacha alama kichwani. Sisi wa Kalemie tunaijua kolera, inarudi kila mara kwenye mitaa ya kando ya ziwa. Kolera inaua haraka, lakini mtoto aliyefikishwa mapema akapewa maji ya chumvi na sukari, ama seromu, kwa kawaida anarudia nguvu zake zote na kichwa chake kinabaki kilivyokuwa. Malaria ya kawaida pia, ile inayotibiwa nyumbani kwa vidonge vya siku tatu, ikitibiwa vizuri haiharibu akili ya mtoto. Magonjwa ya kuangalia sana ni yale yanayogusa ubongo wenyewe, ama yanayoukosesha damu, hewa, sukari na chakula wakati bado unajengwa.

La kwanza kati ya hayo, kwa nchi yetu, ni malaria ya kichwani. Congo ni nchi ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, baada ya Nijeria, na jimbo la Tanganyika, pamoja na maji yake na mabonde yake ya Lukuga na Lualaba, halikosi mbu mwaka mzima. Inapotokea malaria ya kichwani, vijidudu vinakaa ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzifanya zinate kwenye mishipa midogo ya ubongo. Fikiria mtaro wa maji ya mvua uliojaa taka: maji yapo, lakini hayapiti. Ubongo unavimba. Degedege zinakuja moja baada ya nyingine, na kila degedege inakula sukari ambayo ubongo ulikuwa unaihitaji. Mtoto anazimia, pengine saa chache, pengine siku mbili ama tatu. Halafu dawa inafanya kazi, mtaro unafunguka, mtoto anafumbua macho na kumwita mama yake. Furaha hiyo ni ya haki. Lakini sehemu za ubongo zilizokaa bila hewa na sukari zinaweza kuwa zimeumia, na zile zinazotusaidia kutuliza akili kwenye jambo moja na kukumbuka jambo la hivi karibuni ni kati ya zinazoumia kirahisi.

Ni watoto wangapi? Hapa tunapaswa kuvuka mpaka, maana waliowafuata watoto hawa kwa makini baada ya kutoka hospitali ni majirani zetu. Kule Kampala, kwenye hospitali ya Mulago, watafiti waliwafuata watoto wa miaka 5 hadi 12 waliopona malaria ya kichwani, wakawalinganisha na watoto wa mitaa ileile ambao hawakuugua. Miezi sita baada ya kutoka hospitali, karibu watoto 21 kati ya 100 walikuwa na shida ya akili inayopimika. Kwa wale wa mtaani walikuwa karibu 6 kati ya 100. Ungefikiri kwamba muda unaponya. Walipopimwa tena baada ya miaka miwili, waliopona malaria ya kichwani wenye shida walikuwa karibu 26 kati ya 100, na wale wa mtaani karibu 8. Kilichobaki zaidi ni shida ya kutuliza akili. Kwa lugha ya darasani: mtoto anasikia, anaelewa, lakini hawezi kubaki kwenye jambo hilo mpaka liishe.

Tuseme hesabu hiyo kwa njia nyingine, kwa sababu watu husikia upande mmoja tu. Kati ya watoto wanne waliopona malaria ya kichwani, watatu wanarudi darasani bila shida inayopimika. Mzazi asikate tamaa kabla ya kuona. Ila yule wa nne yupo, na ndiye anayechapwa kwa kosa ambalo si lake.

Watafiti walewale wa Kampala walikuta jambo lingine ambalo mimi naliona kubwa zaidi kwa Kalemie. Waliwapima watoto wa chini ya miaka mitano waliolazwa kwa kupungukiwa damu vibaya sababu ya malaria, wale wa viganja vyeupe na pumzi fupi, wanaoongezewa damu usiku huohuo. Watoto hawa hawakuzimia, na kwa wengi hakuna degedege iliyoonekana. Lakini nao, miezi mingi baadaye, walikuwa nyuma ya wenzao wa mtaani katika kujifunza. Sasa fikiria ni watoto wangapi katika jimbo hili wameongezewa damu kabla ya kuanza primeri ya kwanza. Mwalimu wao hatajua, kwa kuwa ugonjwa ulipita mtoto akiwa na miaka miwili ama mitatu, na mama mwenyewe haunganishi mambo hayo mawili.

Mtoto wa namna hiyo anaweza pia kurudi hospitali kabla miezi sita haijaisha, maana damu yake haijajaa na mbu hawajaondoka. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilianza kushauri kwamba mtoto aliyelazwa kwa kupungukiwa damu vibaya, katika sehemu zenye malaria nyingi, apewe dawa ya kuzuia malaria kwa miezi ya kwanza baada ya kutoka. Mzazi anaweza kumuuliza munganga juu ya jambo hilo siku ya kutoka. Na chandarua, tafadhali, kiwe juu ya kitanda cha mtoto huyo. Tunajua vyandarua vingine vya hapa vinalala ndani ya mitumbwi. Kwa nyumba yenye mtoto aliyetoka kuongezewa damu, samaki hao ni wa bei kali.

Si lazima twende Uganda kwa kila kitu. Kuna kazi iliyofanyika karibu, Kivu ya Kusini, kwenye hospitali ya watoto ya Lwiro katika teritwari ya Kabare. Pale wametibu utapiamlo mkali kwa miaka mingi na wakatunza fishi za wagonjwa. Watafiti wakachukua fishi za watoto waliotibiwa kati ya 1988 na 2007, wakaenda kijiji kwa kijiji kuwatafuta. Waliwapata zaidi ya 500, sasa ni watu wazima, wengi wa miaka ishirini na kitu. Wakawapima pamoja na watu wa vijiji vilevile ambao hawakuwahi kuugua utapiamlo huo. Waliopona utapiamlo walikuwa wamesoma kidogo kuliko wenzao, walikuwa wamepata shida zaidi darasani, na kipimo cha kumbukumbu na kufikiri kilikuwa chini. Kumbuka kwamba hawa walitibiwa na wakapona kwa hesabu ya hospitali: kilo zilirudi, uvimbe uliisha. Lakini walirudi kwenye nyumba ileile, chakula kilekile, vita vilevile.

Kwa wenzetu waliokimbia vijiji vyao huko Nyunzu, Manono ama Kabalo wakakaa kambini kando ya Kalemie, habari ya Lwiro si ya mbali. Mtoto wa kambi anaweza kupita utapiamlo, malaria na surua ndani ya mwaka mmoja, halafu tunashangaa kwa nini hasomi haraka kama mtoto wa mjini.

Surua yenyewe tusiipite. Kati ya 2018 na 2020 nchi yetu ilipata mlipuko mkubwa wa surua uliokuwa umeua watoto zaidi ya 7,000 ulipotangazwa kwisha Agosti 2020. Waliopona ni wengi mara nyingi zaidi, na wale waliokuwa wachanga wakati huo wako madarasani leo. Surua inaweza kuacha masikio yanayotoa usaha na macho yasiyoona vizuri, hasa kwa mtoto aliyekosa vitamini A. Pia inafuta sehemu ya kinga ambayo mwili ulishajijengea dhidi ya magonjwa mengine, kwa hiyo mtoto anaugua mara kwa mara na kukosa masomo siku nyingi. Homa ya uti wa mgongo nayo inajulikana kwa kuharibu masikio. Mtoto anapona, na baada ya miezi watu wanaona amekuwa "mkaidi". Haitikii akiitwa. Kumbe hasikii.

Jaribio la kwanza linaweza kufanyika nyumbani bila franga hata moja. Simama nyuma ya mtoto, hatua tatu ama nne, asikuone mdomo, mwite kwa sauti ndogo, halafu utaje vitu anavyovijua: mbuzi, maji, kalamu. Arudilie. Fanya hivyo siku mbili tofauti, mahali penye kimya. Asiporudilia vizuri, mpeleke akaangaliwe masikio. Pengine ni uchafu ama usaha unaotibika. Kama sikio limeumia ndani, angalau mwalimu ajue, amkae mbele na amtazame usoni akisema naye.

Sasa tuingie kwenye jambo zito.

Kule Blantyre, Malawi, watoto 132 waliopona malaria ya kichwani walifuatwa pamoja na watoto wengine 264 waliougua vitu vingine. Katika wale 132, watoto 12 walipata kifafa baadaye. Katika wale 264, hakuna hata mmoja. Kifafa hicho hakikuanza hospitali. Kilikuja miezi mingi baadaye, wakati familia ilikuwa imeshasahau malaria ile. Na si lazima mtoto aanguke akitoa povu. Wakati mwingine anakodoa macho tu kwa sekunde kadhaa, kalamu inamponyoka, halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea. Mwalimu anaandika kwenye buletini: hafuati.

Tunajua vizuri nini kinatokea kwenye mitaa yetu mtoto anapoanza kuanguka ghafla, hasa kama mwaka huo kuna mtu amekufa nyumbani. Neno linatoka: ndoki, mchawi. Mtoto anatengwa sahani, anapelekwa kwa watu wa maombi wanaomfungisha kula, anaacha masomo kwa sababu wenzake wanaogopa kukaa naye. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusana. Na kumshtaki mtoto uchawi ni kosa mbele ya sheria: sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inatoa adhabu ya kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na faini, kwa anayemshtaki mtoto hivyo. Mtoto mwenye kifafa anahitaji vidonge kila siku. Fenobarbitali ni dawa ya zamani na ya bei ndogo, lakini ina mambo yake: inaweza kumlaza mtoto darasani ama kumfanya asitulie. Ukiona hivyo, rudi kwa munganga apange upya kiasi. Usiikate ghafla wewe mwenyewe, maana degedege zinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini jambo hili linasemwa sana siku hizi, na si wakati wa wazazi wetu. Sababu moja ni ya kufurahisha. Watoto wengi zaidi wanaamka. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Congo ikiwemo, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali: waliochomwa artesunati walikufa 8 na nusu kati ya 100, waliopewa kinini karibu 11 kati ya 100. Tangu hapo artesunati imeingia mahali pa kinini kwa malaria kali. Lakini utafiti huohuo haukuonyesha kwamba artesunati inawapunguzia waliopona yale majeraha ya ubongo. Kwa hiyo kila dawa inayookoa maisha inaongeza darasani watoto waliotoka mbali, na darasa lazima lijue.

Darasa lenyewe limebadilika. Tangu Septemba 2019 primeri ya serikali ni ya bure, na watoto wengi waliokuwa wanakaa nyumbani wakaingia. Ni jambo jema, hakuna anayelipinga hapa. Ila mwalimu mwenye watoto waliobanana watano kwenye benchi moja hawezi kumuona peke yake yule anayepotea katikati ya sentensi. Lazima aambiwe. Na anayeweza kumwambia ni mzazi, kwa sababu hospitali na shule zetu haziandikiani barua.

Kwa hiyo siku ya kutoka hospitali, usiondoke na karatasi ya malipo peke yake. Omba karatasi ya kutoka iandikwe jina la ugonjwa, mtoto alizimia muda gani, alipata degedege, aliongezewa damu. Itunze pamoja na fishi ya chanjo. Uliza urudi lini kumwangalia, hata kama anaonekana mzima. Ukipita miezi miwili ama mitatu na kuona amebadilika, anasahau, anakasirika bure, anakojoa kitandani wakati alikuwa ameacha, anatembea vibaya mguu mmoja, rudi na karatasi hiyo. Watu wa afya wa mtaani, wale tunaowaita reko, wanaweza kukusaidia kujua kituo gani cha kuanzia.

Halafu nenda kwa direkta wa shule na kwa mwalimu wa darasa, ukiwa mtulivu, si siku ya ugomvi wa buletini. Sema: "Mwalimu, mtoto huyu alizimia siku mbili kwa malaria mwaka jana. Naomba umkae mbele." Si siri ya aibu. Kama shule ina zamu mbili, omba awe zamu ya asubuhi; saa nane ya jua kali, tumbo likiwa tupu, hata mtoto mzima hatulii. Ampe agizo moja kwa wakati mmoja: "Fungua daftari." Akishafungua: "Andika tarehe." Kazi ndefu igawanywe vipande. Mambo muhimu yarudiliwe siku inayofuata na baada ya wiki. Kwenye mtihani aongezewe dakika kumi kama inawezekana. Hakuna kati ya hayo kinachoomba pesa, na mwalimu aliyejaribu ataona yanawasaidia hata wengine darasani. Fimbo haisaidii kitu hapa. Ubongo ulioumia haufunguki kwa kuchapwa, na mtoto mwenye kusahau atakumbuka tu kwamba shule ni mahali pa maumivu.

Watu wengine huuliza kama kuna dawa ya kurudisha akili. Dawa ya namna hiyo haipo, na anayeuza syrupu ya "kufungua kichwa" sokoni anatafuta franga zako. Uganda walijaribu mazoezi ya kompyuta kwa watoto waliopona malaria ya kichwani. Vipimo vingine vilipanda, lakini kusoma na hesabu havikupanda kwa namna ile walivyotumaini. Kinachosaidia ni cha kawaida na cha muda mrefu: chakula kabla ya shule, hata kama ni muhogo na sombe ya jana, usingizi chini ya chandarua, michezo na wenzake, mtu wa kumsimulia hadithi na kumwomba aisimulie tena. Mazungumzo ya jioni ni mazoezi ya kumbukumbu. Mama mwenye mtoto kama huyu anaweza kumpa hesabu ndogo za sokoni, mafungu matatu ya ndagala ni franga ngapi, na kumpa muda wa kujibu.

Kuhusu kudubla: kurudilia darasa mara moja kunaweza kumsaidia mtoto aliyekosa miezi mingi kwa kulazwa. Kurudilia mara mbili ama tatu bila kubadilisha chochote katika namna ya kumfundisha kunamsukuma nje tu, hasa msichana, ambaye akikaa nyumbani na miaka kumi na tatu anaanza kutajwa kwa habari ya ndoa. Kabla ya kukubali adubla mara ya pili, mzazi ana haki ya kumuuliza direkta: mwaka huu mtafanya nini ambacho hamkufanya mwaka uliopita? Na aende na ile karatasi ya hospitali mkononi.

Shule zinafungua Septemba. Kama mtoto wako alilazwa wakati wa mvua kwa malaria kali, kwa kuongezewa damu, kwa surua, kwa homa ya uti wa mgongo ama kwa utapiamlo, wiki ya kwanza ndiyo wiki ya kwenda kumuona mwalimu wake mpya, kabla hajampangia mahali pa kukaa.